Waraka Uliofuta Saratani

Naandika haya nikiwa na akili zangu timamu, sijashurutishwa na mtu, na picha ya Kiongozi iko ukutani nyuma yangu, imenyooka. Naandika kwa penseli kwa sababu kalamu yangu nimemwazima mtu. Natanguliza haya kwa kuwa wapo jirani zetu ng'ambo ya mpaka ambao wakisikia habari za nchi yetu husema tunazitunga. Hatutungi. Muda wa kutunga tungeutoa wapi?

Kazi yangu ilikuwa kuilisha saratani. Sitanii, barua ya ajira ninayo: Mlishaji Daraja la Tatu, Taasisi ya Taifa ya Mitishamba na Heshima. Kila baada ya siku mbili nilifungua kabati la joto, nikatoa visahani vya plastiki vyenye seli za saratani, nikazimwagia mchuzi wake wa rangi ya waridi. Seli hizo hazina subira. Ukichelewa zinakufa, ukizidisha zinajaa mpaka zinapandana. Hazijui Jumapili, hazijui sikukuu, hazisimami hata wimbo wa taifa ukipigwa. Kwa hiyo mimi nilikula nimesimama na nilisali jicho moja likiwa kwenye saa, na wenzangu walinizoea hivyo.

Nyumbani kulikuwa na saratani nyingine, ambayo hakuna aliyeniajiri kuilisha. Dada yangu Siwema, fundi cherehani, ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki. Kila ninachokijua nimesomeshwa kwa sare za shule alizowashonea watoto wa watu. Mwaka jana alipata uvimbe kwenye titi la kushoto. Hospitali Kuu wakampangia dripu sita, moja kila baada ya wiki tatu, siku za Alhamisi. Alikwishamaliza nne. Nywele zilikuwa zimemtoka zote na kucha zimekuwa nyeusi, lakini uvimbe uliokuwa kama limau ulikuwa umebaki punje ya kunde.

"Bado mbili tu, Mshamu," alikuwa akiniambia. "Mbili tu, nirudi kwenye cherehani yangu."

*

Dawa yenyewe ililetwa na Bibi Nang'oli, mganga wa miti kutoka milima ya kusini. Alifika na gunia la magome ya mti uitwao mkungwina, akakaa mbele ya mkuu wetu wa maabara, Dkt. Leokadia, akakataa soda.

"Bibi, gome hili linatibu nini?" Dkt. Leokadia akamuuliza, daftari mkononi.

"Kuhara. Tena linamwachisha mtoto ziwa. Unapaka kwenye chuchu, akionja mara moja harudi tena."

"Na uvimbe je?"

"Uvimbe sina hakika. Nilikuwa na mbuzi wawili, wote wamevimba shingo. Mmoja nikamnywesha, mwenzake nikamwacha hivyo hivyo."

"Ikawaje?"

"Niliyemnywesha akapona. Niliyemwacha naye akapona. Kwa hiyo mwanangu, mimi sijui."

Dkt. Leokadia aliinuka akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema amekaa katika taasisi ile miaka kumi na minane, na siku hiyo ndiyo amempata mtafiti mwenzake.

Tukaloweka magome kwenye spiriti ili yatoe nguvu yake. Ilitakiwa baadaye spiriti yote ikaushwe kwa mashine, ibaki dawa tupu, lakini mashine ya kukaushia ilikuwa imeazimwa na Kamati ya Mapambo ya Taifa, wanakaushia maua. Basi Dkt. Leokadia akapanga sahani tatu. Ya kwanza ikapewa gome lenye spiriti. Ya pili spiriti peke yake. Ya tatu haikupewa kitu.

"Hizi mbili ni mashahidi wangu," aliniambia. "Bila mashahidi, Mshamu, huna kesi."

Baada ya siku mbili nilitazama kwenye darubini. Sahani ya gome, seli nyingi zilikuwa zimekufa. Moyo wangu ulipiga kwa nguvu mpaka nikaogopa nitaitikisa darubini, kwa sababu nilimwona dada yangu mle ndani, ana nywele zake. Kisha nikatazama sahani ya spiriti. Nazo nyingi zilikuwa zimekufa. Ya tatu zilikuwa zinanawiri.

"Huenda ni spiriti inayoua," akasema Dkt. Leokadia. "Tuirudishe mashine, tukaushe vizuri, turudie. Miezi sita tutajua."

Miezi sita! Siku ya Ushindi wa Taifa ilikuwa imebaki siku kumi na mbili.

*

Waziri wa Afya na Ushindi alifika kesho yake na msafara wa magari kumi na tisa, mawili kati ya hayo yakiwa ya kubeba viti vya kukalia walio kwenye yale mengine. Kwetu Waziri hatembelei jengo bila kuacha agizo. Ni desturi. Asipoagiza, jengo huhesabiwa halijatembelewa, na mkuu wake huandikiwa barua ya kujieleza.

Alisimama mbele ya sahani zetu, mikono nyuma.

"Hizi za tatu zimekosa nini?"

"Hazijakosa kitu, Mheshimiwa," akajibu Dkt. Leokadia. "Ni za kulinganishia. Hazipewi dawa."

"Hazipewi!" Waziri akawageukia waandishi wa habari, nao wakafungua madaftari. "Yaani ndani ya taasisi ya umma kuna sahani inapewa dawa ya taifa, na jirani yake, hatua moja tu, anakodolewa macho? Nani alipanga hivyo? Ni za mkoa gani hizi?"

"Ni saratani, Mheshimiwa. Sisi tunataka zife."

"Hata kama! Zina haki ya kufa kwa usawa!"

Walinzi wakapiga makofi. Mimi nami nilipiga, kwa sababu mlinzi mmoja alikuwa ananitazama mikono. Kabla chai ya wageni haijapoa, Waraka Namba Tisa ulikuwa umepigwa muhuri: *Hakuna Sahani Itakayoachwa Nyuma.* Kuanzia saa hiyo, kuacha sahani yoyote bila dawa likawa kosa la ubaguzi.

Nilitii. Nilizimwagia sahani zote tisini na sita gome letu lenye spiriti, na kwa siku mbili nilizunguka maabara kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilipofungua kabati, seli zote zilikuwa zimekufa. Zote, asilimia mia moja. Watu wa wizara hawakushangaa hata kidogo, kwa kuwa kwetu asilimia mia moja tumezoea kuisikia kila baada ya miaka mitano.

*

Siku ya Ushindi uwanja ulijaa. Bibi Nang'oli alipandishwa jukwaani na shada la maua shingoni, akapewa kipaza sauti aeleze alivyoishinda saratani.

"Mimi sijashinda kitu," akasema. "Nilikuwa na mbuzi wawili. Mmoja nilimpa dawa, mmoja sikumpa. Wote wakapona. Kwa hiyo sijui."

Mshereheshaji akamwondolea kipaza sauti kwa heshima zote. Bibi alikuwa amezungumza lugha ambayo uwanja mzima unaizungumza, lakini Itifaki inataka kila neno la mwananchi wa kawaida lifafanuliwe.

"Bibi anasema," akatangaza, "mbuzi wawili kati ya wawili wamepona!"

Uwanja ukalipuka. Mizinga ikapigwa. Waziri akainua chupa ya rangi ya kahawia yenye picha ya Kiongozi, dawa inaitwa Ushindi, vijiko viwili kutwa mara tatu. Kisha akasoma tamko. Saratani imefutwa katika nchi yetu kuanzia siku ile saa sita mchana. Wodi ya saratani imefungwa, na vifaa vyake vitapelekwa makumbusho. Mtu yeyote atakayeonekana na saratani baada ya saa hiyo, atahesabiwa kuwa amechelewa kupata taarifa.

Ilikuwa Jumanne. Dripu ya tano ya Dada Siwema ilikuwa Alhamisi.

Jumatano asubuhi nilikimbilia Ofisi ya Magonjwa Yaliyoshindwa. Karani alikuwa mpole, alinipa hata kiti.

"Jina la ugonjwa?"

"Saratani ya titi."

Akapitisha kidole kwenye orodha, juu hadi chini, chini hadi juu. "Haimo. Chagua mwingine."

"Dada yangu hana mwingine, Bwana Mkubwa."

"Ndiyo shida yenu," akasema kwa masikitiko. "Mnakuja ofisini bila kujiandaa."

Niliporudi nyumbani Dada alikuwa amekaa mbele ya cherehani, hashoni, anazungusha gurudumu tu kwa mkono. Mezani ilikuwepo chupa ya Ushindi aliyogawiwa na balozi wa mtaa.

"Mshamu," akasema, "kuna hospitali ng'ambo ya mpaka. Ni mwendo wa siku mbili kwa basi, na nguvu ninazo kidogo. Nikiambiwa niende, nitaenda. Lakini wewe uko ndani ya maabara, umeyaona kwa macho yako. Niambie kweli, mdogo wangu. Hii inafanya kazi?"

Nilikuwa nimekula kiapo cha kazi siku ya Waraka Namba Tisa. Wakati huo huo niliziona sahani mbili, ya gome na ya spiriti, zimekufa sawasawa. Tena nilitamani iwe kweli. Nilitamani mno, nalisema hilo bila kujitetea.

"Asilimia mia moja, Dada," nikasema.

Akachukua kijiko.

*

Wiki tatu zilizofuata sikukaa chini. Nilikuwa naondoka kazini mchana kwenda kumtazama, nikifika namkimbia narudi kazini. Hakuna aliyeniuliza, kwa sababu nchi nzima ilikuwa ikitembea haraka haraka na chupa mkononi. Dada alikunywa kwa nidhamu yake ile ya kupima kitambaa mara mbili, hakuruka hata kijiko. Na uvimbe ukaanza kurudi. Kunde ikawa karanga, karanga ikawa kokwa ya tende.

"Labda ndiyo inatoka," alisema Dada, nami nikaitikia kwa kichwa.

Siku moja Dkt. Leokadia aliniita kwenye kabati la joto. Akatoa nyuma kabisa bakuli lake la chakula, limeandikwa *Maharage*. Ndani yake mlikuwa na sahani mbili.

"Nimevunja Waraka," akasema. "Hii nimeipa spiriti tupu. Hii nyingine nimeipa gome nililolikausha dirishani mwenyewe, siku kumi na nne, halina hata tone la spiriti. Tazama."

Nikatazama. Za spiriti zilikuwa zimekufa zote. Za gome zilikuwa zimeshiba na kujazana, mpaka ilibidi nizipunguze.

"Huenda ndani ya gome kuna kitu, huenda hakuna," akasema. "Bibi Nang'oli ndiye peke yake aliyesema ukweli wote. Hatujui. Tulichokiuza uwanjani ni spiriti."

Sikungoja nauli wala kofia. Nilikimbia hadi nyumbani, nikamkuta Dada ameshika kijiko. Nikakipiga kikaruka hadi chini ya kabati.

"Dada, nilikudanganya."

Nilimweleza yote nikiwa nimepiga magoti. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akaniangalia kwa yale macho yasiyo na kope.

"Mimi nilikusomesha ili ujue kutazama," akasema. "Umetazama, umeona, halafu umenilisha spiriti wiki tatu. Wewe, Mshamu! Wangekuwa wao ningesamehe, wao si ndugu zangu." Akalia, na kilio chake kilikuwa cha hasira. "Inuka. Ukipiga magoti hapo nitapata dripu?"

*

Dkt. Leokadia aliandika ripoti ya kurasa mbili, akaipeleka wizarani kwa mkono wake. Kwetu mtu hafukuzwi kwa kusema kweli, huo ni uzushi wa majirani. Alipandishwa cheo. Akateuliwa kuwa Mkurugenzi wa kwanza wa Makumbusho ya Magonjwa Yaliyoshindwa, mahali ambapo hakuna maabara, na mimi nikapandishwa naye, nikawa Mtunza Orodha.

Tulipofika tulikuta vifaa vya wodi ya saratani vimeletwa kwenye makasha. Kiti kimoja cha dripu kilikuwa tayari kwenye jukwaa la kioo, na vile vingine kumi na tisa vilibaki vimefungiwa hospitalini. Ndani ya makasha mlikuwa na majokofu, na ndani ya majokofu dawa zenyewe, zima, na karatasi za wagonjwa zimebandikwa. Ya tatu kutoka juu iliandikwa *Siwema, ya tano.*

Dkt. Leokadia aliisoma, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akamwandikia Waziri barua, nami ndiye niliyeipiga chapa. Aliomba ruhusa ya kuwaonyesha wananchi, kwa maonyesho hai, mateso waliyokuwa wakiyapata watu enzi za saratani, kabla ya Ushindi. Kutakuwa na mtu anayeigiza muuguzi. Kutakuwa na mtu anayeigiza mgonjwa. Ili vijana wasisahau walikotolewa.

Jibu lilikuja siku hiyo hiyo, limepigwa mihuri minne. Waziri alilipenda wazo hilo hata akaandika kuwa ni lake.

Muuguzi aliigizwa na Sista Felista, muuguzi wa wodi ile miaka ishirini na miwili, ambaye walikuwa wamempeleka kupima macho ya madereva. Kupima damu ya mgonjwa kabla ya dripu tuliita kupima vazi. Daktari wa saratani tulimwajiri kama mshauri wa uhalisia. Na kila mwigizaji alitia sahihi fomu yenye mstari mmoja: *Mimi si mgonjwa, naigiza.*

Alhamisi ya ufunguzi Dada Siwema alipanda jukwaani na kilemba alichokishona mwenyewe. Waziri alikuwa mstari wa mbele. Sista Felista akatafuta mshipa, akaupata mara ya pili, dripu ikaanza kudondoka, na Dada akafumba macho, machozi yakamtoka.

"Anaigiza vizuri mno!" Waziri akamnong'oneza msaidizi wake, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma.

Walisimama wakapiga makofi. Mimi nilisimama nyuma ya pazia nikiyahesabu matone, na nilikuwa nalia kama mtoto, na sikuona aibu.

*

Habari zilienea zenyewe. Wiki ya pili mlango wa makumbusho ulikuwa na watu sitini wanaotaka kuigiza, wengine wamebebwa. Tuna kiti kimoja tu, na Itifaki imeturuhusu maonyesho mawili kwa wiki, Jumanne na Alhamisi. Orodha naishika mimi. Nimejifunza kusema "subiri" kwa namna ishirini, na hakuna hata moja inayonipa usingizi.

Jana Jumatano alikuja mtu amevaa kofia ya pama na koti la mvua, na mvua haikuwepo. Alipoinama kwenye dirisha langu nikaona kitambaa alichojifunga shingoni, na chini ya kitambaa, uvimbe. Alikuwa Waziri.

"Kuna nafasi ya mgonjwa kesho?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Kesho ni Dada Siwema, Mheshimiwa. Onyesho lake la mwisho."

"Na Jumanne?"

"Mheshimiwa," nikasema, "Ushindi ipo. Asilimia mia moja."

"Usinifanyie mzaha, kijana. Ile ni spiriti. Unajua, nami najua."

Mbele ya macho yangu nilimwona Dada na kijiko chake. Kisha nikachomoa kalamu yangu mfukoni nikaiweka dirishani.

"Kule hospitali kuna viti kumi na tisa vimefungiwa. Ufunguo wake ni sahihi yako moja. Ukitia leo, kesho asubuhi watu wote hawa wanakaa, na wewe unakaa."

Aliitazama kalamu. Nyuma yake foleni nzima ilikuwa imerefusha shingo.

"Nikifungua wodi," akasema, "nitakuwa nimesema nini?"

"Kwamba saratani ipo."

Waziri akafuta jasho. "Niandike kwenye orodha," akasema.

Nikampa fomu. *Mimi si mgonjwa, naigiza.* Hiyo aliitia sahihi upesi, ni sahihi ile ile ya Waraka Namba Tisa, ina mkia mrefu. Namba yake arobaini na tatu.

Leo ni Alhamisi. Naandika haya nikiwa nyuma ya pazia, Dada yuko kwenye kiti, dripu yake ya mwisho iko nusu. Mshauri wa uhalisia amemshika uvimbe, amesema umeanza tena kupungua, lakini zile wiki tatu hakuna atakayemrudishia. Dada amewaona watu waliokaa kwenye mabenchi ya kusubiri, wakitumaini mwenye zamu atashindwa kufika, akanikonyeza nisogee.

"Yule mwenye kofia ya pama si ndiye?"

"Ndiye, Dada."

"Namba ngapi?"

"Arobaini na tatu."

Amehesabu kwa vidole, kama anavyohesabu mita za kitambaa. "Miezi mitano na ushee," akasema. "Yeye, na yule mama anayekohoa, na yule binti. Hawatafika." Tone likashuka, tone likashuka. "Mpelekee kalamu tena, Mshamu. Labda leo mkono utakuwa mwepesi."

Nimempelekea, pamoja na karatasi ya kufungua wodi, yenye muhuri. Ameipokea. Foleni nzima inamtazama mkono, na dripu ya Dada imebaki robo, na kiti kikishakuwa tupu Sista Felista atakifunika hadi Jumanne.

Bado ameishika kalamu yangu. Ndiyo maana naandika kwa penseli.